Mkate Aliofuturia Ami Bension

Kwa miaka mitano Bi Saodat alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa na tabia yake: ulimjia kila mwanawe Khurshed alipotaja jina la Bulur, binti wa Hizkiyo fundi viatu. Hapo Bi Saodat alijifunga kitambaa kichwani, akajilaza, akaomba maji, na kuanza kuwaita marehemu wa ukoo mmoja mmoja wamsogezee nafasi. Madaktari wa Samarkand hawakuupatia jina ugonjwa huo. Sisi majirani jina tulikuwa nalo, ila hatukuona haja ya kumwambia.

Kisha Muungano wa Kisovieti ukavunjika, mipaka ikafunguka, Mayahudi wa mtaa wetu wakaanza kufunga mizigo, na Bi Saodat akapona. Aliamka asubuhi moja, akafungua kitambaa, akasema kwamba yule binti wa fundi viatu kwa kweli ana adabu, hajawahi kumpita njiani bila salamu, na meno aliyomtengenezea hayajalegea hata siku moja.

La meno lilikuwa kweli. Bulur alikuwa fundi wa meno katika kliniki iliyo karibu na soko, na nusu ya dhahabu iliyoonekana mtaani mtu akicheka ilikuwa imepita mikononi mwake. Bi Saodat alikuwa amemtukana Bulur miaka mitano kwa meno ya Bulur.

Nieleze hali ilivyokuwa, maana bila hivyo mtu atadhani tulikuwa wajinga kuliko tulivyokuwa. Zamani Myahudi akitaka kuoana na mtu wa nje, pande zote mbili zililia. Mwaka ule ulilia upande mmoja tu, wetu sisi Mayahudi. Wa upande wa pili walikuja na sinia za peremende. Habari zilikuwa zimeenea kwamba Israeli inampokea Myahudi pamoja na mwenzi wake na watoto wake, na watu ambao tangu wazaliwe hawakuijua njia ya kuja kwetu isipokuwa viatu vyao vilipotoboka, sasa walipita jioni kuuliza hali za binti zetu. Mjane mmoja wa mtaa wetu, mwenye vitukuu, aliposwa mara mbili kiangazi kile. Mmoja wa waposaji alikuwa na mke, akasema hilo litazungumzika.

Upande wetu hatukuwa bora zaidi. Serikali ile ilikuwa imetufungia masinagogi karibu yote, na kusema haki wengi wetu hatukuhangaika sana kuyafungua. Ami Bension, kaka mkubwa wa Hizkiyo, alikuwa ametumikia jeshi kaskazini, na hadi uzeeni aliyasimulia mafuta ya nguruwe ya huko kwa sauti ya mtu anayekumbuka ujana. Lakini karatasi za kuondoka zilipotoka, aliingiwa na uchamungu. Akafuga ndevu. Akaanza kufunga mifungo ambayo baba yake hakuijua hata kwa majina. Alisema hataki kufika Yerusalemu kama mgeni. Na posa ya Khurshed ilipoanza kunong'onwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza inawezekanaje binti wa Israeli apewe Mwislamu. Mke wake wa kwanza aliitwa Galina, Mrusi mwekundu mwenye kicheko kikubwa, lakini hakuna aliyemtaja Galina mbele yake.

Watu wa dini nao waliulizwa. Rabi wetu alikuwa ameshahamia New York, ametuachia mzee aliyekuwa akichinja kuku. Mzee huyo alifikiri sana, akasema ndoa ya namna hiyo si ndoa, ila mtoto humfuata mama, kwa hiyo watoto watakuwa Mayahudi. Bi Saodat akamwendea imamu wake. Imamu akasema mwanamke wa Kitabu ameruhusiwa, na mtoto humfuata baba, kwa hiyo watoto watakuwa Waislamu. Watoto wenyewe walikuwa bado hawajaonekana popote, lakini walishapata dini mbili, na kila upande ulirudi nyumbani umeridhika kwamba umeshinda.

Bulur mwenyewe hakuulizwa. Kwamba anamtaka Khurshed ilijulikana. Jambo la pili alilolitaka alimwambia mke wangu peke yake, na mke wangu huniambia mambo. Bulur hakutaka kwenda. Alitaka kuolewa na Khurshed na kubaki Samarkand, katika mtaa huu huu, na kliniki ile ile, na midomo anayoijua.

Mke wangu akamwuliza kama Khurshed anajua. Akasema hajui.

"Amenipenda miaka mitano bila ndege, shangazi," alisema. "Sasa ndege imekuja, na anatazama upande wetu vile vile kama zamani. Sijui anamtazama nani."

Mke wangu akamshauri amwulize. Bulur akajibu kwamba akimwuliza leo atasema anamtaka yeye, kwa kuwa hakuna mwanamume aliyewahi kuulizwa swali hilo akajibu vingine. Alitaka washenga waje kwanza, posa isemwe, ndipo aseme kwamba habaki nyuma ya mtu wala haendi mbele ya mtu, anabaki tu. Hapo angemwona. Mke wangu aliona mpango huo ni wa hatari. Mimi pia, ila nilikuwa naona kila kitu ni cha hatari mwaka ule.

Khurshed alikuwa fundi simu, kijana mrefu, mpole, aliyezoea kuyatazama mambo yetu akiwa juu ya nguzo. Baba yake alikuwa amefariki. Mshenga mkuu angekuwa ami yake, Nusratullo, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye kwa miaka mingi alitoa hotuba moja kila sikukuu kuhusu urafiki wa mataifa. Hotuba hiyo alikuwa bado anayo. Alichofanya ni kuondoa Chama kila kilipotajwa na kumweka Mungu, na hakuhitaji kubadilisha zaidi ya hapo.

Hizkiyo alikubali kuwapokea kwa sababu mgeni hafukuzwi mlangoni, na kwa sababu alikuwa na mpango wa kukataa kwa heshima. Katika mji wetu washenga huleta mikate yao, huiweka juu ya kitambaa cha chakula, na pande mbili zikikubaliana, mkubwa wa ukoo huushika mkate na kuuvunja. Ukivunjwa, mambo yamekwisha. Anayerudi nyuma baada ya hapo hubeba aibu ambayo wajukuu wake wataikuta bado inawasubiri. Katika hili sisi na Waislamu hatutofautiani hata kidogo. Tuliazimana desturi zamani mno, na hakuna tena anayekumbuka nani alimwazima nani.

Mafrat, mke wa Hizkiyo, aliukamilisha mpango wa mumewe kwa njia ya jikoni. Aliweka chai, lozi, zabibu kavu na aprikoti, na hakuweka mkate. Samarkand mgeni akiketishwa mbele ya kitambaa kisicho na mkate ameshaambiwa aende kwao, na ameambiwa kwa ukali. Bi Saodat aliingia, akakitazama kitambaa, akatabasamu kwa meno yote, akaweka mikate yake miwili katikati. Ilikuwa mikate ya tanuri, mizito, inayong'aa kama viatu vya Hizkiyo vya kabla ya sikukuu. Kwa hiyo mkate pekee uliokuwa chumbani mle ulikuwa mkate wa posa. Hilo halikumshtua mtu yeyote.

Mimi niliitwa kama jirani na shahidi, nikakaa karibu na birika.

Siku yenyewe ilikuwa ya mfungo. Si mfungo mkubwa. Ni ule wa kiangazi, wa kukumbuka ukuta wa Yerusalemu ulipobomolewa, na katika mtaa mzima aliyeukumbuka alikuwa Ami Bension peke yake. Hakuwa ameonja kitu tangu alfajiri, hata maji, na jua la mwezi ule linajulikana. Aliketishwa mahali pa heshima, mbele kabisa ya mikate.

Nusratullo alitoa hotuba yake. Hizkiyo akashukuru, akasema posa hii ni heshima kubwa, ila bahati mbaya familia inaondoka vuli hii, na binti anaondoka nayo. Nusratullo akasema hilo ndilo hasa lililowafanya waje mapema. Binti hawezi kusafiri mbali hivyo bila mume. Hizkiyo akasema maisha ya huko ni magumu. Bi Saodat akasema magumu huwa mepesi watu wakiwa wengi, akauliza kila mtu anaruhusiwa masanduku mangapi. Hizkiyo akafafanua, taratibu, kama mtu anayeonyesha wapi kisigino kimeachia, kwamba sheria ya kule inamtaja mume, haitaji mama wa mume, wala wadogo zake wawili, wala cherehani. Bi Saodat akajibu kwamba sheria hutungwa na watu, na watu wana mioyo.

Wakaenda hivyo hadi jua likazama. Kila Hizkiyo alipokataa, walimshukuru. Nimewahi kuona watu wakikubaliwa kwa furaha ndogo kuliko ile.

Ami Bension alikuwa ameacha kufuatilia zamani. Alikuwa anatazama dirishani. Nyota zilipotokea aliinuka bila neno, akaenda uani, akajimwagia maji mikononi kwa kopo, mkono mmoja kisha wa pili, akarudi akiwa amefumba midomo, kwa kuwa baada ya kunawa mtu hazungumzi hadi aonje mkate. Chumba kizima kikamgeukia. Hata Nusratullo aliacha sentensi yake katikati. Mzee yule alikuwa na ndevu nyeupe, mikono iliyolowa na uso wa mtu aliyefika mwisho wa jambo zito. Akaketi, akauinua mkate wa kwanza kwa mikono miwili, akafumba macho, akasoma baraka kwa Kiebrania kwa sauti nzuri ambayo hatukujua kama anayo, akauvunja.

"Amin," akasema Nusratullo, akapitisha viganja usoni. Wageni wote wakapitisha viganja usoni. Bi Saodat akabubujikwa na machozi, akaunyakua mkate wa pili, akauvunja pia, pengine kwa usalama.

Ami Bension alichovya kipande kwenye chumvi, akala. Alikuwa kwenye tonge la tatu alipogundua kwamba watu wanakumbatiana.

"Kaka," Hizkiyo alisema polepole, "umefanya nini?"

"Nimefuturu."

Ikabidi wageni waelezwe. Hizkiyo alieleza ukuta wa Yerusalemu, akaeleza mfungo, akaeleza kwamba mtu aliyefunga hushika kilicho karibu naye. Nusratullo alimsikiliza kwa upole wa mwalimu anayesikiliza sababu za mtoto aliyechelewa.

"Mzee Hizkiyo," alisema, "mkate ukivunjwa umevunjwa. Mkubwa wa ukoo wenu kaushika mwenyewe, kanawa kwanza, kaomba dua, tena kwa lugha ya manabii. Sisi tulimlazimisha? Mimi nina mvi hizi, sijaona mkate ukirudi mzima."

Hizkiyo akanitazama mimi, shahidi. Nikasema nilichokiona, kwamba mkate ulivunjwa. Sikuona jingine.

Bulur akaingia na birika jipya. Bi Saodat alimrukia, akambusu mashavu yote mawili, akamwita binti yake, akampa kipande cha mkate. Bulur aliutazama mkate, akamtazama baba yake aliyekuwa ameinamisha kichwa, akamtazama ami yake anayetafuna. Akaelewa. Aliweka birika chini kwanza.

"Asante, mama," alisema. "Nimekubali. Kile chumba cha uani kwako kina mwanga mzuri, tukikipaka chokaa kitatutosha."

"Chumba cha uani?" Bi Saodat alicheka. "Cha kazi gani, mwanangu? Siku mbili tatu, mkaondoka."

"Wanaoondoka ni wao. Mimi nabaki. Nitaishi hapa na Khurshed."

Nilimimina chai kwa sababu sikujua cha kufanya na mikono, nikaisikia ikiingia kikombeni.

Wa kwanza kusema alikuwa Nusratullo. Alikohoa, akamgeukia Ami Bension, na kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo akasema, "Kwa hiyo wewe, mzee wangu, ulikuwa na njaa tu?"

Kuanzia hapo nilijifunza mengi kuhusu mkate. Nilijifunza kwamba kuvunja ni nia, na nia ya mwenye njaa ni tumbo. Kwamba mkate wa posa huvunjwa na pande mbili kwa pamoja, si mmoja leo na mwingine kwa haraka ya furaha. Kwamba dua ya Kiebrania ni dua, ndiyo, lakini hakuna aliyeielewa, na huenda ilikuwa dua ya chakula. Yote hayo aliyasema Nusratullo, yule yule wa mvi. Na Hizkiyo, aliyekuwa ameyasema yote hayo muda mfupi kabla na asisikilizwe, alikuwa akiitikia kila neno. Watu wawili waliovutana tangu alasiri walijikuta bega kwa bega, wanajitahidi kuurudisha mkate uwe mzima. Hizkiyo alikuwa ameogopa kwamba ndani ya ndege binti yake atakaa karibu na Mwislamu. Sasa alikuwa tayari kumkubali huyo Mwislamu na cherehani ya mama yake, mradi binti apande.

Aliyesimama peke yake ni Ami Bension, kwa kuwa alikuwa ametukanwa.

"Tumbo?" alisema. "Nimenawa. Nimesoma baraka yote bila kuruka neno. Mkate huo umevunjwa kuliko mkate wowote uliowahi kuvunjwa mtaa huu. Mtu asiniambie mimi kuhusu tumbo."

Bi Saodat alikuwa tayari anapapasa mfukoni kutafuta kitambaa cha kichwa.

Bulur hakuwangojea. Alitoka nje.

Kwa desturi bwana harusi haingii siku ya washenga. Khurshed alikuwa nje ya lango, amekaa ukingoni mwa mfereji, amevua viatu na kutia miguu majini. Yaliyosemwa pale nayajua kwa sababu mke wangu alikuwa mlangoni kwetu, upande wa pili wa kichochoro, na kwa jinsi alivyokuwa amesimama asingeweza kutosikia.

Bulur alimwambia kwamba mkate umevunjwa, na kwamba yeye haendi popote, anabaki. Khurshed alichezesha miguu majini. Akaendelea kutazama maji. Mke wangu anasema aliyatazama hadi yeye mwenyewe akatamani kuvuka njia na kumtikisa.

"Nimejifunza herufi zenu zote za Kiebrania," akasema hatimaye. "Nimeaga kazini. Mkanda wangu wa kupandia nguzo nimempa mwenzangu."

"Najua."

"Unajua, na umeninyamazia miezi yote hii. Ulikuwa unanipima kama jino."

"Ndiyo."

"Na nimekaa sawa?"

"Bado hujanijibu."

Khurshed alicheka kidogo, bila furaha. Akasema hatamdanganya, alitaka kwenda. Alitaka kuiona bahari; amezaliwa mahali ambapo kila upande ukienda unakuta nchi kavu, na tangu mwaka jana alikuwa akiiota. Alitaka bahari na alimtaka yeye, na hakuwahi kuvitenganisha kwa sababu hakuna aliyemwambia avitenganishe. Halafu akasema kitu ambacho mke wangu alikirudia kwangu mara nyingi.

"Ukibaki kwa ajili yangu, siku utakayogombana na mama utanihesabia kila mtu uliyemwacha aende. Nami sitakuwa na la kusema."

"Sibaki kwa ajili yako," Bulur akasema. "Nabaki kwa sababu hapa najua watu wote kwa midomo yao, na kule nitaanza kufungua midomo ya watu nisiowajua nikiwa sina hata maneno ya kuwaambia wateme maji. Na bibi yangu yupo pale kwenye makaburi, na wote wanaondoka. Nabaki kwa ajili yangu. Nakuuliza tu kama na wewe utakuwepo."

Khurshed alitoa miguu majini. Akaifuta kwa mikono, akavaa viatu, akafunga kamba zake, kwanza kimoja kisha cha pili, bila haraka, kwa namna ambayo Hizkiyo angeisifu kama si kwamba alikuwa amekataa kumsifia lolote.

"Mkanda wangu nitaudai kesho," alisema.

Akaingia ndani, kinyume cha desturi. Nilimwona akisimama mlangoni, na Nusratullo alikuwa katikati ya hoja kuhusu chumvi.

"Ami," Khurshed alisema, "usiku unaingia. Mkate umevunjwa, tumekubali. Mama, twende."

"Hujui alichosema Bulur," Bi Saodat alimwambia.

"Najua."

"Hakuna ndege, mwanangu."

"Nimesikia, mama."

Bi Saodat akajifunga kitambaa kichwani pale pale, mbele ya wenyeji, lakini hakukuwa na mahali pa kujilaza. Ikabidi arudi nyumbani kwa miguu yake, mgonjwa.

Wiki zilizofuata ziliwaleta wakwe karibu kuliko ambavyo harusi yoyote ya heri ingewaleta. Kila jioni Bi Saodat alivuka mtaa kwenda kwa Hizkiyo, na wakakaa pamoja na Mafrat, wanapanga namna ya kumshawishi Bulur aondoke. Hizkiyo alitaka binti yake. Bi Saodat alitaka ndege. Tofauti hiyo hawakuigusa. Bi Saodat alimweleza Bulur hatari za kuishi na mama mkwe, na kwa kuwa alizijua zote kwa undani, alieleza vizuri sana. Hizkiyo alimsifia Khurshed mbele ya binti yake: kijana mzuri, ana akili, kule atapata nguzo ndefu zaidi. Ami Bension alitangaza kwamba yeye ndiye aliyeifunga ndoa hii, na kwamba kama wapo wanaojutia, wafunge na wao waone ilivyo.

Bulur aliwasikiliza wote, akawashukuru, akapaka chokaa chumba cha uani. Khurshed alirudishiwa mkanda baada ya kubembeleza sana, maana yule mwenzake alishauzoea.

Wakaandikishwa serikalini, katika ofisi ambayo picha ya kiongozi ilikuwa imetolewa ukutani na mraba mweupe ukabaki mahali pake. Rabi hakuwepo, imamu hakuitwa. Mwandikishaji alisoma maneno mapya ambayo bado yalimkwaza ulimi. Hizkiyo alikuwa ameapa kwamba hatahudhuria, akaja kwa kuchelewa, akasimama nyuma kabisa karibu na Bi Saodat. Wote wawili walilia. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri zamu ya binti yake aliniuliza kama wale ni ndugu waliofiwa. Nikamwambia ni wazazi.

Siku ya kuondoka, basi la kwenda Tashkent lilisimama mwisho wa kichochoro, kwa kuwa halikuweza kuingia. Tulibeba masanduku. Mafrat alimshika Bulur kwa muda mrefu, kisha akaingia kwenye basi na kuvuta pazia. Ami Bension alibariki kila mtu, pamoja na dereva. Hizkiyo alimpa Khurshed mkono, akautazama mkono huo kama anautafutia kipimo, akauachia. Kwa binti yake alishindwa. Alimkaribia, akamfunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimeshafungwa, kisha akamgeukia Bi Saodat kwa hasira kana kwamba ndiye aliyemkosea.

"Nyama na maziwa asile pamoja," alisema. "Wala visipikwe chungu kimoja. Sisi hatuli hivyo. Kama hutaweza sema sasa."

"Usinifundishe," Bi Saodat akamjibu. "Nimeshanunua sufuria ya pili. Na sahani. Na kisu, chenye mpini mwekundu, nisije nikasahau. Mkwe mmoja, majiko mawili, na bado siendi popote."

"Kisu chekundu ni cha nyama?"

"Cha nyama."

"Basi vizuri," Hizkiyo alisema, akapanda basi haraka.

Bulur alikuwa akila supu ya nyama na mtindi pamoja kwenye kantini ya kliniki tangu alipoanza kazi, kila siku, tena kwa hamu. Alimtazama Khurshed, ambaye alilijua hilo vizuri, kwa kuwa mara nyingi walikula sahani moja. Khurshed akatazama juu, kwenye nyaya. Bi Saodat alikuwa bado analipungia mkono basi lililokwisha kukata kona, huku akilalamika kwa sauti kwamba sahani zenyewe si nzuri, lakini ndizo zilizokuwepo. Bulur akamshika mkono, akamwambia, "Twende, mama, ukanionyeshe."